Moyo Umetangulia, Kano Imebaki Nyuma: Shajara ya Msimu wa Mbio na Baiskeli

Januari

Lengo la mwaka ni duathloni ya masafa ya kawaida: unakimbia kilomita 10, unapanda baiskeli kilomita 40, unashuka na kukimbia tena kilomita 5. Ni mwezi wa Julai. Kabla ya hapo nimejiandikisha nusu marathoni ya Aprili na shindano la baiskeli la kukimbizana na saa mwezi Mei, zote mbili kwa ajili ya kujipima tu. Sina kocha. Nina saa ya mkononi, mkanda wa kifuani wa kuhesabu mapigo ya moyo, baiskeli ambayo imeshabadilishwa kila kitu isipokuwa fremu, na kazi inayoniachia alfajiri na jioni.

Shajara naiandika kwa sababu msimu uliopita ulikatika katikati, na nilipotaka kujua ulianza kukatika lini, sikuwa na pa kutazama. Saa ilikuwa imehifadhi kasi na umbali. Haikuhifadhi asubuhi ile nilipoanza kushuka ngazi kiupandeupande.

Kwa hiyo, pamoja na kilomita, kila siku naandika usingizi, juhudi, na hali ya visigino katika hatua za kwanza baada ya kuamka, kuanzia sifuri (hakuna maumivu) hadi kumi. Juhudi naipima kwa kipimo cha Gunnar Borg, yule mwanasaikolojia wa Uswidi, kinachoanzia 6 na kuishia 20. Namba hizo za ajabu zina maana yake: ukizidisha kwa kumi unapata, kwa makadirio, mapigo ya moyo ya kijana mwenye afya akiwa katika juhudi hiyo. Nakiamini kuliko kanuni ya kukadiria mapigo ya juu kabisa ya moyo kwa 220 ukitoa umri, ambayo kwa mtu mmoja mmoja inaweza kukosea kwa mapigo kumi na zaidi, juu au chini.

Februari, wiki za mwanzo

Mambo yanakwenda vizuri mno. Mwendo ule ule wa kukimbia uliokuwa ukinitoa pumzi mwezi jana sasa naumudu huku nikiongea. Juhudi imeshuka kutoka 15 hadi 12 kwenye njia ile ile.

Hilo lina sababu yake. Mtu akianza mazoezi ya stahamala, maji ya damu huongezeka ndani ya siku chache, moyo ukapata damu nyingi zaidi ya kusukuma kwa kila pigo, na hivyo ukapiga mara chache kwa kazi ile ile. Misuli nayo hufuata kwa wiki kadhaa. Vyote hivi huonekana kwenye saa, na ndiyo maana mwezi wa pili wa mazoezi ni mtamu kuliko yote.

Sehemu kubwa ya hayo imetoka kwenye baiskeli. Juu ya kiti unaweza kukaa saa tatu, moyo ukafanya kazi yake yote, na nyayo zisigonge ardhi hata mara moja. Kukimbia hakukupi nafasi hiyo. Kila hatua, kano ya kisigino, ile kamba inayounganisha tafu na mfupa wa kisigino, hubeba mvuto unaokadiriwa kuwa mara sita hadi nane ya uzito wa mwili. Kwenye pedali hubeba sehemu ndogo tu ya mzigo huo.

Nimeiandika hapa kama habari njema. Nitaona kama itabaki hivyo.

Mwisho wa Februari

Kisigino cha kulia: 4.

Maumivu hayako kwenye mfupa. Yako juu yake, vidole vitatu hivi kupanda, mahali ambapo kano imekonda. Ukiibana kwa vidole inauma na inahisi nene kuliko ya kushoto. Hatua za kwanza kutoka kitandani ni za mzee. Nikifika jikoni imelegea, na nikiwa nje ninakimbia, kilomita ya kwanza inauma, ya pili inanyamaza, na kufikia ya tatu nimeshasahau. Halafu kesho yake asubuhi ni 5.

Tabia hii ya kunyamaza katikati ya mbio ndiyo inayowaponza wengi. Mtu anasema, "Ikipata joto inapona," anaendelea, na wiki inayofuata anaanza kuchechemea.

Kwa wanaopenda kuuliza: ndiyo, niliongeza umbali kwa asilimia 10 kwa wiki, kama kila mahali panavyoshauri. Mwaka 2008 watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio la wakimbiaji wapya waliogawanywa makundi mawili. Moja lilipanda taratibu kwa kanuni hiyo, jingine kwa programu fupi ya kawaida. Walioumia walikuwa karibu sawa pande zote mbili, takriban mmoja kati ya watano. Sisemi kanuni ni mbaya. Nasema haijui kwamba kuna baiskeli upande wa pili, inayojaza mapafu nguvu ambayo miguu bado haijaiandalia mahali.

Machi

Nimemwona mtaalamu wa fiziotherapia. Hakukuwa na la kushangaza: ni kano ya kisigino, sehemu ya kati, haijakatika. Aliniambia nisimame kwa mguu mmoja na kupanda kwa vidole hadi nichoke. Mguu wa kushoto ulipanda na kushuka vizuri. Wa kulia ulianza kutetemeka kabla hata haujafika nusu ya mwenzake. Tofauti hiyo, alisema, haikuanza mwezi huu.

Nilirudi nyumbani na kusoma kuhusu kano mpaka usiku, na hapo ndipo nilipokutana na jambo lililonibadilishia mpango mzima. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 yalijaza hewa kaboni 14, aina ya kaboni yenye mnururisho, ikaingia kwenye mimea, ikaingia kwenye miili ya watu wote waliokuwa hai, na baada ya majaribio ya angani kukoma kiwango chake kikaanza kushuka. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walipima kaboni hiyo katika kano za visigino za watu waliozaliwa miaka mbalimbali. Kwenye misuli waliona tishu inayojengwa upya kila wakati. Kwenye kiini cha kano walikuta kaboni ya utotoni na ujanani: kiini hicho hujengwa hadi umri wa miaka 17 hivi, na baada ya hapo karibu hakibadilishwi.

Maana yake ni kwamba kano ninayokimbilia leo ndiyo niliyotoka nayo shuleni. Inaweza kukazwa, inaweza kuongezewa tishu kwa nje, lakini kwa miezi. Moyo wangu ulibadilika kwa wiki tatu. Viungo hivi viwili havifuati kalenda moja, na programu niliyokuwa nikiifuata ilikuwa na kalenda ya moyo peke yake.

Tiba yenyewe ni ya kuchosha akili kuliko mwili. Mwaka 1998, Håkan Alfredson na wenzake wa Uswidi walichapisha matokeo ya zoezi la kusimama kwenye ukingo wa ngazi na kuteremsha kisigino polepole: seti tatu za mara 15 goti likiwa limenyooka, tatu nyingine likiwa limekunjwa, asubuhi na jioni, kila siku kwa wiki 12. Ukipiga hesabu ni mara 180 kwa siku. Jaribio la Denmark la mwaka 2015 lililinganisha hilo na uzito mkubwa unaoinuliwa polepole mara tatu tu kwa wiki, na matokeo yakawa mazuri kwa njia zote mbili. Nimechagua uzito. Mtu mwenye kazi na baiskeli hana muda wa kusimama ngazini mara 180.

Kupumzika kabisa sikuambiwa. Kano isiyobebeshwa kitu hulegea zaidi. Ruhusa ni kwamba maumivu yakibaki chini ya 5 wakati wa zoezi, na asubuhi yake yakawa yamerudi yalipokuwa, naendelea. Yakipanda na kubaki juu, napunguza. Kwa hiyo ile namba ya asubuhi, niliyoianza Januari kama udadisi, sasa ndiyo inayoamua siku itakuwaje.

Nusu marathoni nimejitoa. Namba ya ushiriki haihamishiki kwa mtu mwingine na ada hairudi.

Aprili

Mwezi wa baiskeli.

Nimesogeza nyuma vile vibanio vya chini ya viatu vinavyoshika pedali. Vikiwa mbele sana, kwenye vidole, kila msukumo unapitia kwenye tafu na kano. Vikirudi nyuma kidogo, paja linachukua kazi zaidi. Kiti nacho nimekishusha kidogo, kwa sababu kiti kilichozidi urefu humfanya mtu anyooshe ncha ya kiatu chini ili kuifikia pedali. Kipimo nilichotumia ni cha pembe: pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjwa nyuzi 25 hadi 35. Nilijirekodi kwa simu iliyoegemezwa kwenye kiti cha plastiki. Si maabara, lakini kisigino kimekubali.

Jaribio la dakika 20: nguvu imepanda. Unachukua wastani wa wati za dakika hizo, unatoa asilimia 5, na kinachobaki ni makadirio ya kile unachoweza kukishikilia kwa saa nzima. Nilifurahi mpaka nilipokumbuka upepo. Nguvu inayohitajika kuushinda upepo hupanda kwa mchemraba wa kasi: ukitaka kutoka kilomita 30 kwa saa hadi 33, yaani asilimia 10 tu, upepo pekee unakudai theluthi moja ya nguvu zaidi. Wati nilizozitafuta tangu Januari zimeninunulia kasi ambayo mtu wa pembeni ya barabara hataiona. Kuinamisha mgongo na kubana viwiko kumenipa karibu kiasi hicho hicho bila jasho, ila shingo inalalamika.

Mnyororo umebadilishwa. Kipimo kilionyesha umerefuka asilimia 0.75, na kwa gia za kisasa zenye meno membamba huo umeshachelewa. Fundi alitikisa kichwa na kunionyesha meno ya kaseti, yale magurudumu ya gia ya nyuma, yaliyochongeka kama mapezi ya papa. Kaseti pia, basi.

Kisigino: 2, siku nyingi 1.

Mwisho wa Aprili

Wanasema mwenda pole hajikwai. Nilikuwa naenda pole kweli, kasi ya mtu anayerudi nyumbani, mvua imekatika, kona ya kushoto, na gurudumu la mbele likapita juu ya mstari mweupe uliopakwa barabarani. Rangi hiyo ikilowa haishiki. Gurudumu la nyuma likiteleza unaweza kujiokoa. La mbele likiteleza, unakuta tayari uko chini.

Nyonga imechubuka, kiwiko kimechubuka, bega linasogea sawasawa. Mkono wa kulia ndio wenye mashaka. Nilianguka kwa kiganja, na sasa kile kishimo kinachojitokeza chini ya kidole gumba ukikinyoosha kinauma nikikibonyeza. Eksirei haikuonyesha ufa. Daktari amefunga mkono hata hivyo na kusema nirudi baada ya siku kumi hadi kumi na nne.

Nilidhani ni woga wa kidaktari. Ameeleza vizuri: kuna kifupa kidogo hapo, skafoidi, ambacho kikipasuka mara nyingi ufa hauonekani picha ya kwanza, na damu hukifikia kutoka upande mmoja. Kikiachwa bila kufungwa, kipande kimoja kinaweza kufa. Kwa hiyo mtu anafungwa kwa ufa ambao huenda haupo.

Helmeti nimeitupa. Nje ina mkwaruzo tu, ila povu la ndani hufanya kazi kwa kubonyea, na likishabonyea halirudi.

Mei

Huu ndio mwezi mbaya kuliko yote, kwa sababu ambayo sikuitarajia. Maumivu yenyewe ni madogo. Tatizo ni kwamba michezo hii miwili ilikuwa kila mmoja kimbilio la mwenzake. Kisigino kikiuma, napanda baiskeli. Mgongo ukichoka na baiskeli, nakimbia. Sasa mkono umefunga mlango wa baiskeli na kisigino kimeacha mlango wa mbio wazi nusu. Shindano la kukimbizana na saa limenipita nikiwa mtazamaji. Nilisimama kwenye kilima cha mwisho nikipiga makofi kwa mkono mmoja dhidi ya paja.

Nikaifunga baiskeli ndani, gurudumu la nyuma kwenye mashine ya kusimamia, nikaegemeza viwiko juu ya usukani ulioviringishiwa taulo. Nusu saa ya hivyo ni ndefu kuliko saa mbili za barabarani. Feni inapuliza, jasho linadondoka kwenye mnyororo mpya.

Kuna hofu ya kila mtu anayesimama, kwamba kila kitu kitaondoka. Edward Coyle na wenzake walilipima hilo mwaka 1984 kwa watu waliokuwa wamejijenga vizuri kisha wakaacha kabisa. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni ulishuka asilimia 7 katika wiki tatu za mwanzo, na ukatulia ukiwa asilimia 16 chini baada ya wiki nane. Sehemu kubwa ya lile anguko la mwanzo ni maji yale yale ya damu yaliyokuja haraka Februari. Kilichokuja mbio kinaondoka mbio, na kitarudi hivyo hivyo. Nimeacha kukililia.

Kano ni kinyume chake. Uzito nimeendelea nao bila kukatiza, kwa sababu kupanda kwa vidole hakuhitaji mkono. Mabegani nimebeba begi lililojaa vitabu, kwani chuma sikiwezi kukishika. Katika mwezi huu ambao kwenye saa ni mweupe kabisa, mguu wa kulia umefikia karibu idadi ya wa kushoto. Saa inaniarifu kwamba "hali yangu ya mwili inashuka". Nimeizima arifa hiyo.

Picha ya pili: hakuna ufa. Mkono huru.

Juni

Nimeandika kwa waandaaji kuomba nihamishwe kutoka masafa ya kawaida kwenda mafupi: kukimbia kilomita 5, baiskeli 20, kukimbia 2.5. Wamekubali. Rafiki ninayefanya naye mazoezi alisema, "Nusu ya mbio kwa ada ile ile." Ni kweli, na sikuwa na jibu.

Kukimbia kumeanza upya kwa kuchanganya na kutembea. Moyo unaona ni mzaha. Napita watu wakinitazama nikitembea katikati ya njia tambarare bila hata kuhema, kisha nakimbia, kisha natembea tena kwa sababu saa imelia. Ni vigumu kueleza kuwa anayepumzika hapa si mapafu. Juhudi: 10. Kisigino asubuhi: 2. Siku niliyoshawishika na mteremko ilikuwa 4, na miteremko na vilima nimeviondoa kabisa mpaka baada ya mashindano, maana kupanda kilima kunaivuta kano ikiwa imenyooshwa.

Mafua wiki ya pili. Hakuna la kuandika.

Mazoezi ya kuunganisha yamerudi: baiskeli, viatu, mbio fupi papo hapo. Aliyewahi kufanya anaijua ile hisia ya kushuka na kukuta mapaja si yako. Niligundua kitu kidogo chenye faida. Dakika za mwisho za baiskeli nikishuka gia na kuzungusha pedali haraka zaidi kwa nguvu ndogo, hatua za kwanza za kukimbia zinakuwa fupi na nyepesi, na hatua fupi ndizo kano inazozipenda.

Julai, wiki ya mashindano

Mbio ya kwanza niliiacha iende. Kundi liliondoka, nami nikabaki nyuma na mwendo niliokuwa nimejiwekea, huku moyo ukinisihi niwafuate. Eneo la kubadilishia lilikuwa na vurugu za kawaida. Jirani yangu aliitoa baiskeli kwenye nguzo kabla hajafunga kamba ya helmeti na mwamuzi akamsimamisha, maana helmeti hufungwa kwanza ndipo baiskeli iguswe.

Kilomita 20 za baiskeli zilikuwa zangu. Kujificha upepo nyuma ya mwenzako hairuhusiwi katika mbio hizi, kwa hiyo kila mtu analipa upepo wake, na ule mwezi wa Aprili haukuwa umepotea wote. Niliwapita wengi. Kwenye kona moja palikuwa na mstari mweupe, mkavu kabisa, nami nikaukwepa kwa upana ambao ulinigharimu nafasi mbili. Hilo bado linahitaji kazi.

Mbio ya pili, wengi kati ya hao wakanipita tena. Tafu la kulia lilikuwa zito kama gogo, kano yenyewe kimya. Nilitembea kipande kifupi baada ya kituo cha maji, nikamaliza nikikimbia. Nafasi yangu ni ya katikati kuelekea chini.

Asubuhi ya kwanza: 3. Asubuhi ya pili: 5, na hiyo ndiyo niliyoiogopa, kwa sababu kano hudai deni lake siku moja baadaye. Ya tatu: 3. Ya nne: 2. Imepanda na imeshuka ndani ya wiki moja. Februari ilikuwa ikipanda tu.

Mwisho wa Julai

Usajili wa masafa ya kawaida ya mwakani umefunguliwa, na bei ya mapema inaisha karibuni. Sijajisajili. Nimejiandikisha shindano la baiskeli la Oktoba, ambalo mkono na mgongo vinalimudu, na fomu ya duathloni itasubiri mpaka mguu wa kulia upande na kushuka sawa na wa kushoto nikiwa na begi mgongoni, kisha uvumilie kuruka.

Kuruka kunaanza wiki ijayo: kamba, dakika moja moja, miguu yote miwili pamoja, siku zisizo za uzito. Kwenye shajara nimeongeza safu ya pili pembeni ya ile ya asubuhi, ya asubuhi ya kesho kutwa, kwa sababu ndiyo iliyonionyesha ile 5.